Bitana

Aikande, umeniuliza kwa simu nilimpa nani udiwani,
ili uige kwenye uchaguzi mdogo wa kata yenu.
Subiri kwanza nimalize kutundika makoti.

Unaijua Memorial asubuhi:
robota linakatwa kamba, mikono kumi inazama,
na mgeni hushika koti kwa rangi yake.
Mteja wa Moshi hapana. Huyu huligeuza.
Hupekua bitana, hunusa kwapa,
huvuta zipu juu chini mara tatu,
hutia vidole mfukoni kutafuta tundu
ambalo sarafu zake zingepitia.
Ndipo aulize bei, tena kwa dharau.

Basi niliona aibu.
Koti la elfu nane naligeuza robo saa,
mtu wa miaka mitano nimchukue kwa picha ya nguzoni?

Nikaanza na Godlisten, kwa sababu ya tabasamu.
Kutoka Mbuyuni hadi Kiboriloni
kila nguzo ina meno yake.
Alisema kisima cha Njoro ni jasho lake.
Nikaenda na ndoo, nikajifanya nina kiu.
Kwenye zege, mtu aliandika kwa kidole kabla halijakauka:
tarehe, na chini yake, Kwaya ya Vijana.
Tarehe hiyo yeye alikuwa Tunduma, anauza matairi.
Aliyeniambia ni shemeji yake,
na hakujua kwamba ameniambia.

Nakiete unajua nampenda.
Tulipanda ngazi za wodini pamoja, mama alipolazwa.
Na kiti kile alishakikalia miaka mitano.
Nikaomba kwa mtendaji mihtasari ya vikao.
Akanitazama kama niliyemwomba figo.
"Ya nini, mama?"
"Ya kusoma."
Njoo kesho. Nikaja.
Njoo Jumatatu. Jumatatu nikaja na stuli yangu.
Saa nane mchana alichoka kuniona, akafungua kabati.
Vikao kumi na tisa, mdogo wangu.
Katika kumi na kimoja jina lake liko chini ya neno Udhuru.
Siku ya ushuru wetu wa meza: Udhuru.
Siku ya mitaro: Udhuru.
Nikalifunga faili polepole,
kama unavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Kileo hana salamu. Mji mzima unalijua hilo.
Akikupita njia ya Rau utadhani umemkopa.
Lakini bibi Ndeanaeli, aliyekuwa mweka hazina wa mfereji,
alinitolea bahasha ya kaki chini ya godoro:
risiti za saruji, za nondo, moja ya misumari nusu kilo,
na mia nne hamsini iliyobaki,
sarafu zenyewe, zimefungwa kwenye nailoni.
Kileo ndiye aliyezirudisha.
Pia, bibi akaongeza, alimtukana fundi mbele ya mwanawe
mpaka fundi akalia.
Sikulifuta. Liko daftarini, mstari unaofuata.

Usiku wa mwisho umeme ulikatika.
Nikawasha tochi ya simu, nikasoma upya yote.
Mama akapita na khanga mpya ya kampeni.
"Unasomea mtihani gani na mvi hizo?"
"Hiyo khanga, mama, ukiifua haitachuja?"
"Imeshachuja. Mashuka yangu yote sasa
yamejiunga na chama."
Tulicheka gizani mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi foleni ilizunguka shule.
Nilipoingia kwenye kituturi kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba fupi,
na mkono wangu, nisikudanganye, ulisita.
Hakuna hata mmoja aliyekuwa mpya dukani.

Niliyempa sikuambii. Na daftari sikupigii picha.
Kata yako ina watu wake.
Miguu unayo. Stuli nitakuazima.

Ila ukishuka mjini, pitia kwangu,
nimekuwekea koti la kijivu. Zito, la kukaa.
Mfuko wa kushoto umetoboka.
Nakuambia kabla hujalipa.